Mseto na Mizani: Habari za Dawa Zilizopimwa Ifakara

Watu wa Kilombero, ambao bonde lao ni ghala la mchele la nchi yetu, hawahitaji kufundishwa maana ya mseto, kwani kila mpishi wa huko ajua kwamba mchele na choroko vikitiwa chungu kimoja hutoka chakula kisichokuwa tena mchele wala choroko, na kwamba anayekila hawezi kwa ulimi wake kukadiria ni kipi kati ya viwili hivyo kilichomshibisha. Neno hilo la jikoni ndilo lililotwaliwa, ilipofika mwisho wa mwaka 2006, kuiita dawa mpya ya malaria iliyokusanya dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na tangu hapo “dawa mseto” ikawa lugha ya kila zahanati kutoka Tanga hata Kigoma. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kupimwa Ifakara miaka mingi kabla ya neno kubandikwa ukutani, na habari za upimaji huo ndizo nitakazozisimulia hapa, kwa kuwa swali lililoulizwa katika mji ule wa bondeni, yaani dawa zikichanganywa ni ipi itendayo kazi na ipi iliyodandia tu kama abiria asiyelipa nauli, ndilo swali ambalo matabibu wa dunia nzima wanaulizana leo mbele ya vitanda vya waliolazwa kwa homa ya mapafu.

Mji wa Ifakara umekaa katika uwanda ulio baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, karibu na mto Kilombero, ambao masika inapokolea hutoka katika kingo zake na kuifanya nchi kuwa ziwa. Na neema ya mpunga na balaa la mbu hutoka katika maji hayo hayo. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena waliolilima bonde hili wana desturi ya kuhama na jamaa zao msimu wa mpunga na kukaa miezi kadhaa mashambani, wakilala katika madungu na kuwinga ndege na nguruwe, mbali na zahanati na mbali na barabara. Kabla halijajengwa daraja la mita 384 juu ya mto huo wa Kilombero, mgonjwa aliyetoka ng'ambo ya Ulanga hakuwa na njia ya kuifikia hospitali kubwa ya Ifakara ila kwa kivuko, na mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji ya uchungu hana nafasi ya kungoja kivuko.

Fauka ya hayo, bonde hili lina kumbukumbu yake ya zamani juu ya dawa. Mwezi Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro waliliendea boma la Wajerumani la Mahenge wakiwa na yakini kwamba maji waliyopewa yangezigeuza risasi, na bunduki za rashasha zikawafyeka mbele ya ngome. Sitaki kuifanyia dhihaka imani ile, maana iliunganisha makabila ambayo hakuna sultani aliyepata kuyaunganisha; ila anayesoma historia ya Kilombero hawezi kuacha kuona kwamba hapa tofauti ya dawa inayoaminiwa na dawa iliyopimwa ilijulikana mapema, na kwa thamani ya damu.

Watawa wa Kikapuchini kutoka Uswisi waliingia Tanganyika mwaka 1921, kuchukua mahali pa Wabenediktini wa Kijerumani waliokuwa wameondolewa kwa sababu ya vita, na pamoja na masista wa Baldegg wakaijenga polepole ile hospitali ya Mtakatifu Fransisko ambayo baadaye serikali iliifanya kuwa hospitali teule ya wilaya, na baadaye tena ikapandishwa kuwa ya rufaa. Mwaka 1949 alifika hapo mwanazuoni wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, aliyekuwa ameasisi Taasisi ya Uswisi ya Maradhi ya Nchi za Joto mwaka 1943, akaona bonde limejaa kila alichokitafuta: papasi wa nyumbani waletao homa ya vipindi, mbung'o, na mbu wasio na idadi. Mwaka 1957 ikasimamishwa maabara. Geigy huyu alikuwa wa ukoo wenye kampuni ya madawa iliyoitwa kwa jina hilo, kampuni ambayo ndani yake, mwaka 1939, Paul Müller aligundua nguvu ya DDT dhidi ya wadudu. Na msomaji alishike jina la ukoo huo, kwa maana litarudi tena katika kisa hiki kwa mlango wa nyuma.

Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini maabara ile ilikuwa ya Waswisi, wakija na kurudi kwao. Mwaka 1991 iliingizwa katika mpango wa utafiti wa taifa, akawa mkurugenzi wake wa kwanza Mtanzania Dakta Andrew Kitua, na baada yake Dakta Hassan Mshinda. Jina la Taasisi ya Afya Ifakara lilikuja mwaka 2008. Kubadilika kwa jina ni jambo dogo. Kilichokuwa kikubwa ni kwamba tangu Septemba 1996 wahesabuji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakiandika kila aliyezaliwa, kila aliyehama na kila aliyekufa, kazi isiyo na fahari yoyote, lakini bila hiyo hakuna awezaye kusema kwa insafu kwamba dawa fulani imepunguza vifo, maadamu vifo vyenyewe havikuwa na hesabu.

Sasa tuingie wodini. Katika wodi ya watoto ya hospitali ile, kama katika kila wodi ya nchi zenye mbu wengi, mtoto huletwa mgongoni mwa mama yake akiwa na homa, tundu za pua zikitanuka, mbavu zikibonyea kila apumuapo, na tabibu aliye mbele yake hana budi kujiuliza kama hii ni malaria iliyoikausha damu hata mwili ukahangaika kutafuta hewa, au ni ile homa ya mapafu ambayo wazee huijua kwa kichomi chake na wauguzi huiita nimonia, au ni yote mawili yameingia pamoja. Kipimo kilichopo katika zahanati isiyo na picha ya eksirei ni kuhesabu pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au aliyetimiza mwaka hadi kufika mitano akipumua mara 40 au zaidi, hudhaniwa kuwa na nimonia, lakini malaria nayo huweza kuipandisha hesabu hiyo hiyo. Basi aghalabu mtoto alipewa dawa za maradhi yote mawili. Na hata ile kotrimoksazoli ambayo zamani hizo ilikuwa dawa ya kwanza ya nimonia zahanatini ilikuwa yenyewe mchanganyiko wa dawa mbili, ikiwauma kidogo hata vijidudu vya malaria. Mtoto akipona, mama hushukuru, tabibu hushukuru, wala hapana ajuaye aliponywa na nini.

Aliyetaka kulifumbua fumbo hili hakuanza na nimonia, alianza na upungufu wa damu, ambao katika wodi ile ulikuwa ukiua watoto wachanga kabla hawajajifunza kutambaa. Watu wawili walishukiwa, kama wasemavyo polisi: ukosefu wa madini ya chuma, na malaria. Dakta Clara Menéndez wa Barcelona na wenziwe wa Ifakara waliwachukua watoto 832 waliozaliwa katika hospitali hiyo kati ya Januari na Oktoba 1995, kwa ridhaa ya wazazi wao, wakawagawa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilipewa chuma kila siku, tangu wiki ya 8 ya umri hadi ya 24, pamoja na Deltaprim, dawa ya kinga ya malaria, mara moja kwa wiki, tangu wiki ya 8 hadi ya 48. Kundi la pili lilipewa chuma na dawa tupu iliyofanana na Deltaprim. La tatu Deltaprim na dawa tupu iliyofanana na chuma. Na la nne tupu kwa tupu. Mama hakujua mwanawe yumo kundi gani, wala mwuguzi hakujua.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu uzuri wa jambo hili haujiuzi wenyewe. Mpishi anayetaka kujua siri ya mseto wake anaweza kupika chungu kimoja cha mchele na choroko na kukilinganisha na chungu cha maji matupu, akaona kwamba mseto hushibisha, na elimu yake ikakomea hapo. Lakini akipika vyungu vinne, kimoja cha vyote viwili, kimoja cha mchele peke yake, kimoja cha choroko peke yake, na kimoja kisicho na hiki wala kile, ndipo atakapojua kazi ya kila punje, na fauka ya hayo atajua kama viwili hivyo vikikutana husaidiana au huzuiana. Tena kila mtoto mmoja hujibu maswali mawili kwa mara moja, kwa kuwa yeye huhesabiwa katika mizani ya chuma na huhesabiwa tena katika mizani ya Deltaprim, kwa hiyo idadi ya watoto wanaohitajika huwa ndogo kuliko kama kila swali lingaliulizwa mbali. Mtu ambaye amezoea kufikiri kwamba utafiti ni wingi wa mashine na ajionee: kura, daftari, na vyungu vinne.

Jibu lilichapishwa mwaka 1997. Deltaprim ilipunguza kuugua malaria kwa takriban asilimia 60, na upungufu mkali wa damu kwa asilimia 57. Chuma nacho kilipunguza upungufu mkali wa damu kwa takriban asilimia 29, wala hakikuzidisha malaria, jambo lililokuwa likiogopwa sana na matabibu waliodhani kwamba kumlisha mtoto chuma ni kumlisha adui aliye ndani ya damu yake.

Lau kama kisa kingeishia hapo kingekuwa kisa cha ushindi tu, na visa vya ushindi mtupu mimi huwa navitilia shaka. Watafiti waliendelea kuwaangalia watoto wale baada ya dawa kukoma, na wakakuta kwamba waliokuwa wamelindwa na Deltaprim sasa waliugua malaria na kupungukiwa damu zaidi kuliko wenzao ambao hawakulindwa, upungufu mkali wa damu ukiwapata zaidi ya maradufu. Mwili uliokingwa kwa wiki arobaini haukupata kumzoea adui, na siku ukuta ulipoondolewa akaingia kwa wingi. Mvivu angalifunga daftari kwenye wiki ya 48, akaandika fakhari yake na kurudi kwao. Nami naihesabu miezi ile ya baadaye, ambayo habari zake hazikumpendeza mtu, kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kubwa ya kazi yote. Kutokana na uchungu huo likazaliwa wazo la kutomfungia mtoto ndani ya ngome, bali kumpa dozi moja moja ya SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, katika siku ambazo analetwa kwa chanjo, akiwa na miezi 2, 3 na 9. Watoto 701 wa Ifakara walijaribiwa kwa njia hiyo kuanzia mwaka 1999, malaria ikapungua kwa asilimia 59, na walipofuatiwa mwaka wa pili, yale marudio ya kutisha hayakuonekana.

Wakati huo huo klorokwini, ambayo ilikuwa mkate wa kila siku wa kila zahanati, ilikuwa inakufa mikononi mwa watu. Dawa ambayo ingeirithi ilitoka mbali. Wachina, katika mradi wa siri ulioanza mwaka 1967, walikuwa wamepata katika mmea wa tiba za kale dawa ya artemisinini, kazi ambayo baadaye ilimpa Bibi Tu Youyou tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Na haikosi kumpendeza mtu wa Ifakara kujua kwamba katika miaka ya sabini mafundi wa nchi hiyo hiyo walikuwa wanatandika reli ya TAZARA kupita mlangoni mwake. Artemisinini huwashambulia vijidudu kwa haraka mno lakini hukaa mwilini muda mfupi; kwa hiyo Wachina wakaunganisha dawa itokanayo nayo na dawa nyingine ya kwao, lumefantrini, iendayo taratibu na kukaa siku nyingi, ili ya kwanza ivunje jeshi na ya pili iwasake waliojificha. Kampuni iliyoshirikiana nao kuipeleka nje ilikuwa Ciba-Geigy ya Basel, na dawa ilipofika Ifakara kupimwa ilikuwa na nambari ya CGP 56697, herufi mbili za mwanzo zikiwa za kampuni hiyo. Hivyo ndivyo jina la Geigy lilivyorudi bondeni.

Watoto 260 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 walipimwa na Christoph Hatz, Salim Abdulla na wenzao, nusu kwa klorokwini na nusu kwa mseto, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Siku ya 7, watoto 94 katika kila 100 waliopewa mseto hawakuwa na kijidudu katika damu. Kwa klorokwini walikuwa 35 tu. Mtu angedhani kuwa baada ya habari kama hiyo nchi ingebadili dawa kesho yake. Haikuwa hivyo. Mwaka 2001 taifa liliiacha klorokwini likashika SP, iliyokuwa rahisi kwa bei, na mseto wenyewe haukufika zahanatini mpaka mwisho wa mwaka 2006, yaani miaka minane baada ya bonde kutoa ushahidi wake. Gharama ilikuwa sababu kubwa, nami siidharau. Lakini watoto waliozaliwa ndani ya miaka minane hiyo nao walikuwa na haki ya kuhesabiwa.

Kuna uzani mwingine ambao watu wa Kilombero waliubeba bila kusifiwa. Kuanzia mwaka 1997 wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji zilianza kuwafunza wauguzi kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, nimonia, malaria, kuhara na utapiamlo kwa pamoja, badala ya kukimbilia ugonjwa mmoja. Ili ijulikane kama njia hiyo inaokoa, zilihitajika wilaya za kulinganishwa nazo, zenye kuendelea na desturi ya zamani, na wilaya hizo zikawa Kilombero na Ulanga. Katika miaka miwili ya hesabu iliyomalizika mwaka 2002, vifo vya watoto katika Morogoro na Rufiji vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Kila mizani ina sinia mbili, na wanaokaa katika sinia isiyopata kitu ndio wanaolifanya jibu liwe jibu.

Kwa maradhi ya mapafu hasa, Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuifundisha dunia kuchanganya dawa tangu mapema: ule upimaji uliofanywa na nchi za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wagonjwa wakilazwa hospitalini miezi sita, na kuchapishwa mwaka 1972, ndio ulioonyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa katika dawa za kifua kikuu, tiba ya mwaka mmoja na nusu huweza kufupishwa kuwa ya nusu mwaka. Na Ifakara yenyewe, tangu mwaka 2005, huandika habari za wagonjwa wa UKIMWI wanaotumia dawa tatu kwa pamoja, ambao baadhi yao hufika kwanza hospitalini kwa sababu ya kukohoa.

Mseto pia hupunguzwa. Katika miaka ya 2021 na 2022 Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake wa Uswisi waliwapa wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Mbeya na Morogoro mashine ndogo ya mkononi yenye kuwaongoza hatua kwa hatua, pamoja na kifaa cha kubana kidoleni kipimacho oksijeni. Katika vituo 40 vilivyogawanywa kwa kura, watoto waliopewa antibayotiki walikuwa 70 katika 100 pale desturi ilipoendelea, na 23 tu pale mashine ilipotumika, wala watoto hao hawakuumia kwa kunyimwa.

Mwisho limekuja swali la watu wazima waliolazwa kwa nimonia kali. Katika maradhi haya antibayotiki huua bakteria, lakini mwili wenyewe, katika ghadhabu ya vita, huunguza mapafu yake. Na tangu Juni 2020, wakati wa UVIKO, Waingereza walipothibitisha kwamba deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, huokoa wenye kuhitaji oksijeni, matabibu wengi wakatamani kuongeza steroidi katika kila nimonia. Kwa nchi zetu tamaa hiyo ilikuwa na hatari yake, maana dawa ituliza­yo ghadhabu ya mwili huweza pia kumlaza mlinzi, ilhali kifua kikuu na UKIMWI vingali mlangoni. Jibu la Ulaya halikuweza kusafirishwa likiwa limefungwa vile vile. Wakenya wakalipima wenyewe, mpango wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza ukiwa mbele, katika hospitali 18 za umma na kwa wagonjwa 2,180, na wakatoa jibu mwaka 2025: ndani ya siku 30 walikufa asilimia 26 ya waliopata tiba ya kawaida, na asilimia 22.6 ya walioongezewa steroidi kwa kipimo kidogo. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini dawa ni ya bei rahisi na aghalabu huwa tayari kabatini.

Waliobaki hai kati ya wale watoto 832 wa Ifakara sasa wametimiza miaka thelathini. Ewe msomaji, ikiwa ulizaliwa katika hospitali ile kati ya Januari na Oktoba 1995, muulize mama yako kama anaikumbuka dawa ya kila wiki, na umpe shukrani zetu.